Yakhe, Nimekukosa Nini?

Tulikuwa watatu kwenye skwadi, timu ya watu wanne katika gemu ya vita ya simu, wote wa Dar es Salaam, na wa nne tuliletewa na seva, mtambo unaopanga wachezaji. Tangu ndege iruke hakuwa ametamka neno. Maiki yake ilikuwa imezimwa na jina lake limeandikwa kwa herufi za Kiarabu, kwa hiyo tulimsema mbele yake kama mtu asiyekuwepo. "Huyu tumpakie kwenye gari, tukifika darajani tunamtosa." "Subirini kwanza aokote silaha, tutamvua baadaye." Tukacheka. Tukasimamisha gari, akapanda. Mimi ndiye niliyekuwa dereva. Nilikata kona nikaliingiza baharini, na alipoibuka anaogelea tukammalizia majini.

Ndipo maiki yake ikawaka.

"Yakhe," alisema, sauti ya mtu mzima, wala haikupanda, "nimekukosa nini?"

Sisi wa bara tungesema "nimekukosea". Yeye alisema kama wanavyosema Unguja. Hakuna aliyemjibu. Akaendelea mwenyewe: yuko Maskati, Oman, bibi yake mzaa mama kazaliwa Ng'ambo ya mjini Zanzibar, na Kiswahili ndicho walichokuzwa nacho nyumbani. "Nimekusikieni tangu mwanzo. Nikajua mwatania. Nikasema hawa wetu, wacha nipande." Halafu jina lake likatoweka kwenye orodha.

Ilikuwa mwaka 2021, yapata saa saba usiku. Mwenzangu mmoja alijaribu kucheka, kicheko kikamfia kooni. Tulimaliza mechi kimya, tukatoka. Usiku ule ule nilimtumia ombi la urafiki na maneno mawili ya kuomba radhi. Halikukubaliwa, na sina haki ya kulalamika.

Nimekuwa nikilitafuta jibu la swali lake tangu siku hiyo. Mara nyingi wanaosimulia uchokozi wa kwenye gemu ni walioumizwa, na ni haki yao. Mimi nimekuwa pande zote mbili. Kwa karibu miaka miwili nilikuwa mtu ambaye ukimpata kwenye timu yako, mechi imekwisha kabla haijaanza: nilipiga risasi matairi ya gari tulilokuwa tunalihitaji, niliinama kama ninayemwinua mwenzangu aliyeanguka kisha nikamwacha katikati, nilirusha bomu ndani ya chumba tulichojificha wote.

Nimekulia Same, mkoani Kilimanjaro. Gemu nilijifunzia kwenye banda moja karibu na stendi, lenye televisheni mbili na PlayStation 2, mechi ya mpira unalipia sarafu chache. Kejeli zilikuwa nyingi pale, na zilikuwa kali. Ukifungwa mabao matano, watu wote waliosubiri zamu wanakuimbia hadi unatoka. Lakini aliyekuimbia mmekaa naye bega kwa bega kwenye benchi moja, kesho mtakutana bombani, na mama yake anamjua mama yako. Mwenye banda alikuwa na sheria moja tu: ukimtaja mzazi wa mtu, pedi inatoka mkononi mwako na hela hairudi. Nimeona vijana wakubwa wakitolewa hivyo, wakaondoka wameinamisha vichwa. Nilidhani gemu zote duniani zina mwenye banda.

Mwaka 2019, nikiwa tayari Dar, nikiuza kava na chaja za simu Kariakoo, ndipo nilipoanza gemu ya simu ya vita, ile ya watu 100 wanaorushwa kutoka kwenye ndege na anayebaki wa mwisho ndiye mshindi. Wengi tuliocheza kutoka Tanzania tulijikuta tukipangwa na watu wa Mashariki ya Kati, na kwa umbali huo unabonyeza kufyatua risasi leo, inatoka kesho. Wiki yangu ya kwanza, mtu wa timu yangu alinipiga risasi ya mgongo tukiwa ndani ya nyumba moja Pochinki, mji uliomo kwenye ramani ya gemu. Hakuchukua hata bunduki yangu. Alisimama juu ya sanduku langu akawa anarukaruka. Siku ya pili, mwingine aliposikia sauti yangu kwenye maiki aliniita "abdi", kisha akalirudia neno kwa wenzake, wakacheka. Mimi ni Mpare Muislamu. Neno hilo nalijua: limo ndani ya jina la baba yangu, Abdallah, mja wa Mungu. Yule hakuwa anamtaja Mungu, alikuwa ananiita mtumwa.

Nilizima simu nikakaa gizani. Siku ya tatu niliingia tena, na kabla hatujaokota hata kofia nilimpiga risasi mtu ambaye hakuwa amesema wala kutenda lolote.

Hapo ndipo pa kuangalia kwa makini. Aliyenitukana sikumwona tena, na sitamwona. Kila mechi seva inakukutanisha na watu wapya, ikiisha mmetawanyika. Kwa hiyo deni linabaki kwako na mdaiwa hayupo, na mkono unatafuta yeyote aliye karibu. Nilimlipiza mtu wa Misri, au wa Iraki, au wa Kenya, sijui. Naye bila shaka alimpelekea mwingine. Sikuwaza hivyo wakati ule. Nilichokiona ni kwamba kifua kimepoa.

Kama ingekuwa kisasi peke yake, ningechoka baada ya wiki mbili. Kulikuwa na jambo jingine ambalo ni gumu zaidi kulikiri. Dukani nilikuwa sina kauli. Tajiri alinifokea mbele ya wateja kwa kava moja iliyokosewa bei. Wateja walinirushia chaja mezani. Nikirudi nyumbani daladala imejaa hadi mlangoni na konda ananisukuma kama gunia. Tangu asubuhi hadi usiku hakuna aliyebadilika uso kwa sababu yangu. Halafu saa nne usiku, nikiwa nimelala chali kitandani, mtu wa nchi nisiyoijua anapiga kelele, anaapa, anaomba, kwa sababu ya kidole changu. Raha ile ilikuwa ya kweli. Atakayesema wachokozi hawafurahii, hajawahi kukaa upande ule.

Tena raha hiyo haiji peke yake, inahitaji watazamaji. Sisi watatu tulirekodi video, tukazituma kwenye kundi letu la WhatsApp, na sifa ya wiki ilikwenda kwa aliyemkasirisha mtu zaidi. Wiki moja wenzangu waliishiwa bando kwa pamoja, nikaingia mwenyewe. Nilimtosa mtu kwenye gari vile vile, akapiga kelele vile vile. Hakuna aliyecheka. Ilikuwa kama kutupa jiwe kisimani usisikie likidondoka. Nilitoka nikalala mapema. Nikikumbuka wiki hiyo, najua kwamba sehemu kubwa ya niliyowatendea wageni wale ilikuwa mazungumzo kati yangu na marafiki zangu wawili. Yule anayeumia hakuwa hata mshiriki.

Na bando lao! Mimi niliyehesabu MB kila usiku, niliyejua hasa mechi moja inakula kiasi gani, sikuwahi hata mara moja kujiuliza aliyekufa dakika ya pili kwa mkono wangu amenunua bando lake kwa jasho gani.

Kila mtu aliyelalamika tulimjibu neno moja: ni utani tu. Hapo yule wa Maskati ndipo alipotuvua nguo, maana yeye alilichukua neno hilo kwa uzito wake. Alisikia watu wa lugha yake wakipanga kumtosa, akaamini ni utani, akapanda gari.

Utani mimi naujua. Wapare na Wachaga ni watani, na tulipomzika bibi yangu nilikuwa nimesimama pembeni ya kaburi nilipomwona mzee mmoja wa Kichaga akishuka shimoni na kujilaza. Alisema hatoki, marehemu kafa na mbuzi wake watatu, alipwe kwanza. Watu waliokuwa wakilia wakaanza kucheka huku machozi yanawatoka. Mjomba wangu akabishana naye, akampunguza, akampa shilingi elfu mbili. Mzee akatoka, akajipangusa udongo, akashika koleo, na hakuna aliyefukia kaburi lile kwa bidii kumpita yeye. Alibaki hadi jioni. Mama yangu alimpakulia chakula kabla ya ndugu.

Yule mzee alikuwa na haki ya kufanya vile kwa sababu tunamjua ni nani, na kwa sababu siku akifiwa yeye, sisi tutakwenda kulala kwenye kaburi lake. Utani una njia ya kurudi. Aliyetaniwa leo ana zamu yake kesho, na anayetania ndiye anayebeba jeneza. Sisi kwenye skwadi tulichukua kicheko tukaacha koleo. Mtu tuliyemtosa hakuwa na zamu, hakuwa na kesho nasi. Sasa nikisikia kijana anasema "nilikuwa namtania" juu ya mtu asiyemjua jina, nabanwa na kifua.

Baada ya usiku ule nilianza kusoma. Nilitaka kujua kama mimi ni mtu mbaya tu, au kuna jambo.

Nilianzia mbali. Moja ya gemu za kwanza za namna hii, watu wengi ndani ya ulimwengu mmoja, ilitengenezwa mwaka 1978 katika Chuo Kikuu cha Essex, Uingereza, na Roy Trubshaw na Richard Bartle. Ilikuwa maandishi matupu, haina picha hata moja. Na humo humo tayari walikuwemo watu walioingia kwa ajili ya kuwaharibia wenzao. Mwaka 1996 Bartle aliwagawa wachezaji katika mafungu manne na kuyapa majina ya karata: uru ni wanaotafuta mali na ushindi, shupaza ni wanaochimbachimba kujua dunia ya gemu imejengwaje, kopa ni waliofuata watu na mazungumzo, na pau ni wanaotaka kuwafanyia watu jambo, ambao furaha yao hukua kadiri mwenzao anavyoumia. Majina hayo manne ya karata tuliachiwa na Wareno, na kwao pau ni fimbo. Nililisoma fungu la nne nikajiona. Halafu nikakumbuka bandani Same nilikuwa kopa kabisa. Nilikwenda kwa ajili ya watu, hata nikikosa hela nilikaa tu kutazama. Mtu hazaliwi na karata moja mkononi.

Kilichonigusa zaidi ni kazi ya watafiti wa Chuo Kikuu cha Tilburg, Uholanzi, iliyotoka 2018. Hawakuwauliza walioonewa. Waliwahoji wachezaji 22 waliokiri wenyewe kwamba ni wachokozi, na sababu walizopewa zilikuwa tatu: kujifurahisha, kulipiza kisasi, na kutafuta msisimko. Wakaona pia kwamba jambo lenyewe linazunguka na kujizaa, na jamii ya wachezaji ndiyo inayoliacha liendelee. Nilisoma sentensi hiyo mara kadhaa. Risasi ya mgongo Pochinki, kisha mimi, kisha yule niliyempiga mimi.

Kuna wenye ukatili wa kweli. Watafiti wa Kanada walionyesha mwaka 2014 kwamba wanaofurahia kuchokoza mtandaoni huwa pia na alama za juu kwenye vipimo vya kupenda kuumiza wengine. Siwakatai. Lakini ukiwaweka wao mbele, sisi wengine tunajificha nyuma yao. Kampuni ya Riot Games, wenye gemu ya mtandaoni ya League of Legends, walipochunguza wachezaji wao waligundua kwamba walio wabaya kila siku ni kama asilimia 1, na hao walizalisha kama asilimia 5 tu ya ubaya wote. Uliobaki, sehemu kubwa, ulitoka kwa watu wa kawaida waliokuwa na siku mbaya. Na mwaka 2017 watafiti wa vyuo vikuu vya Stanford na Cornell, Marekani, waliwapa watu maswali, wengine mepesi na wengine magumu ya kukera, kisha wakawaingiza kwenye majadiliano chini ya habari. Wenye maswali mepesi waliokuta mazungumzo ya heshima, uchokozi ulikuwa asilimia 35. Wenye maswali magumu waliokuta wenzao wameshachafua hewa, ulifika asilimia 68. Tajiri wangu na konda wa daladala walikuwa maswali yangu magumu. Haiwi udhuru, kwa sababu wapo waliosukumwa ndani ya daladala ile ile na hawakumtosa mtu. Ila sasa najua saa zangu za hatari. Nikitoka kazini nimefokewa, simu naiacha mezani mpaka nile.

Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 nilipata somo la upande mwingine. Siku hiyo nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika, na intaneti ya Tanzania na majirani zake ikazorota vibaya. Sisi hatukujua mara moja. Nilikuwa katikati ya mechi, nimesimama mlangoni, na mwili wangu ukaganda pale pale kwenye skrini. Wenzangu ndani hawakuweza kutoka. Kabla mawasiliano hayajakatika kabisa nilisikia sauti mbili tatu: wananiita mchokozi, mmoja anasema amenishtaki, mwingine anahesabu kabla ya kurusha bomu. Nikajiuliza ni wangapi niliowaadhibu mimi kwa kosa kama hilo. Mtu anayesimama bila kusogea labda umeme umekatika kwao. Anayeendesha gari vibaya labda ni mtoto, au simu yake ni ya bei ndogo na picha zinamfikia zikiwa zimechelewa. Nami niliwaita wote wachokozi nikapata sababu ya kuwachokoza. Nina hakika nusu ya vita vyangu nilivipigana na mtandao mbovu.

Sasa ninaye mpwa wangu, miaka 13, anakuja kwetu kila likizo. Disemba nilimsikia chumbani anacheka kicheko ninachokijua. Nikaingia, nikamkuta amemwua mwenzake wa timu.

"Kakukosea nini?" nikamuuliza.

"Hajanikosea, Mjomba. Sikiliza anavyopiga kelele!"

"Ni nani?"

"Si mtu, ni jina tu."

Nilitaka kumpokonya simu. Badala yake nilikaa kitandani nikamsimulia habari za Maskati, zote, hata sehemu ya kummalizia majini ambayo sijamsimulia mke wangu. Hakusema kitu. Aliuliza swali moja tu, kama yule mtu alinijibu.

Tangu hapo nimeweka sheria ya banda. Haruhusiwi kucheza chumbani peke yake mlango umefungwa. Anachezea sebuleni, nami kila nikipata nafasi nakaa karibu yake. Kwenye gemu zenye sehemu ya kuandikiana na wapinzani nimemzimia kwanza, akitaka kuiwasha aniambie anataka kusema nini. Hilo nililichukua kwa Riot hao hao: walipoizima kwa kila mtu na kumwachia anayetaka aiwashe mwenyewe, ndani ya wiki moja maneno mabaya yalipungua kwa zaidi ya asilimia 30, ingawa watu waliendelea kuzungumza karibu kwa kiwango kile kile. Kitendo kile kidogo cha kuiwasha kinatosha kumfanya mtu apumue. Na akipigwa na mwenzake wa timu, hachezi mechi inayofuata mpaka ametoka nje akarudi. Namtuma sukari, au mkate. Ananuna, lakini anakwenda.

Juzi alipigwa. Alirusha simu kwenye kochi akaapa kwamba mechi ijayo atawamaliza wote. Nikampa noti ya elfu mbili akafuate vitunguu. Aliporudi alikuwa bado amekunja uso, ila aliniachia nafasi kwenye kochi. Akaingia na binamu zake wawili wa Same, na wa nne akaletwa na seva, maiki imezimwa, jina la herufi tusizozisoma.

Nikamwona anaisogelea simu. "Wewe, unaongea Kiswahili?"

Kimya.

Binamu mmoja akaanza kucheka, akasema jambo kuhusu bahari. Mpwa wangu hakumjibu. Akasimamisha gari mbele ya yule mgeni, akapiga honi mara mbili, akasubiri mpaka amepanda. Nililitazama lile gari hadi likavuka daraja.